Mshahara wa Kiongozi Juu ya Ungo

Nililipwa. Naanza na hilo kwa sababu wenzangu wengi walioongoza vyama na asasi huku kwetu Lindi hulificha mpaka wanaingia nalo kaburini. Utamsikia mtu anasema, "Mimi nilijitolea tu, niliitumikia jamii," na huku ana nyumba mbili za bati, moja Mingoyo na moja mjini. Mimi nililipwa mshahara, kila mwezi, na kiasi chake kiliandikwa kwa chaki kwenye ubao wa ofisi, mtoto wa darasa la tatu akipita anakisoma. Kwa mshahara ule nilifufua pampu za maji kuanzia vijiji vya nyuma ya Mchinga mpaka kukaribia Mtama. Wasomi wenye vyeti vya kutundika ukutani walikuwa wameziona pampu hizo hizo kabla yangu. Walipiga picha, wakaondoka.

Sijafika sitini. Uongozini niliondoka kwa miguu yangu, kwa sababu katiba yetu ilisema mratibu akimaliza mihula yake aage, na kifungu hicho nilikidai mimi mwenyewe. Shule niliishia la nne. Haya nimeyaandika kwa mkono kwenye daftari, binti yangu ameyapiga taipu, na nimemkataza kabisa kunipunguzia majigambo. Nawaandikia ninyi vijana mnaoanzisha asasi kila kukicha, mnaokuja barazani kwangu na mafaili kwapani mkiniuliza, "Shikamoo mzee, hivi kiongozi wa chama kisichotafuta faida anaruhusiwa kulipwa?"

Marahaba. Kaeni.

Kabla sijaitwa Mratibu niliitwa Fundi Hamisi. Kazi yangu ilikuwa kuchimba visima, na aliyenifundisha ni Mzee Anselimu, Mmakonde aliyeshuka kutoka uwanda wa juu. Alikuwa na ulimi ambao sijauona kwa mtu mwingine. Akichota udongo wa chini, anauonja, anatema, anasema, "Mbele kuna chumvi, sogeza hatua kumi." Tunasogeza, tunapata maji matamu. Mimi nilionja udongo mwaka mzima, nikaambulia kuharisha.

Mtu akija kumwomba kazi, Mzee Anselimu alikaa juu ya mpini wa sururu yake akauliza maswali manne, hayo hayo siku zote. "Nitakula nini? Nitalala wapi? Nani atavuta kamba? Na nikimaliza naondoka na nini?" Mpaka ajibiwe yote manne mbele ya watu, sururu haigusi ardhi. Nilimwona mroho. Siku moja nikamwambia.

"Mzee, maji ni sadaka. Unawezaje kumkabili mtu mwenye kiu na habari za malipo?"

"Hamisi," akasema, "wewe una moyo mzuri. Subiri uutumie."

Nikautumia. Msikiti mmoja karibu na Mchinga walitaka kisima cha udhu, nami nikatangaza kwamba nitachimba kwa ajili ya Mungu, sitaki hata chai. Walinisifu mpaka nikaongezeka kimo. Nilichimba kina cha watu wawili, mmoja amesimama kichwani kwa mwenzake, nikafika kwenye mwamba wa matumbawe. Wakati ule ule mfanyabiashara mmoja, maana ndiyo ilikuwa imeanza miaka ya ruksa, kila mtu huru kufanya biashara, na maduka yanaota kama uyoga, akataka kisima Mingoyo na akanionyesha noti. Nikasema naenda mara moja narudi. Wiki ya tatu beberu la imamu likatumbukia kwenye shimo langu.

Imamu alinifuata Mingoyo kwa miguu. Nilijiandaa kutukanwa. Akakaa, akafuta jasho, akaniambia kwa upole, "Hamisi mwanangu, sisi hatuwezi kukugombeza, maana hukutudai kitu. Nimekuja kwa niaba ya beberu."

Kisima kile alikuja kukimalizia Mzee Anselimu, Mkristo, na aliwauliza waumini maswali yake yote manne kabla ya kushuka. Wakayajibu. Aliondoka na gunia la mchele, nao wanatawadha kwa maji yale mpaka leo. Nilipaswa kujifunza pale pale. Sikujifunza. Mimi ni mtu wa kujifunza mara ya pili.

Sasa sikilizeni chama kilivyoanza. Zamani pampu ikiharibika kijijini mnangoja Landrova ya serikali, inakuja au haiji, lakini ni bure. Kisha mambo yakabadilika, tukaambiwa kila kijiji kichangie maji yake na kijitunzie pampu yake. Wafadhili nao wakaanza kuingia, wakitafuta vyama vya wananchi vya kufanya navyo kazi. Vijiji vyetu vikaunda chama cha kutunza pampu. Nikachaguliwa Mratibu, kwanza kwa sababu naijua pampu ndani na nje, pili kwa sababu nikisimama kuzungumza hata aliyesinzia anaamka. Mhazini akachaguliwa Bi Somoe, muuza mafuta ya nazi na kungwi wa mabinti wa eneo zima. Hakuwa na haja ya kuandika kitu ili akikumbuke.

Katiba tuliinakili kutoka chama kimoja cha Dar es Salaam. Kifungu kimoja kilisema: viongozi watafanya kazi kwa kujitolea, bila malipo yoyote. Kiliposomwa ukumbi ulilipuka makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni mimi.

Nikarudi nyumbani kumpa mke wangu habari njema. Mwanaidi alikuwa anachoma vitumbua vya kuuza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wamekuchagua ufe njaa, na wakapiga makofi?"

"Ni heshima, mama Asha."

"Haya. Kesho nitakaanga heshima."

Sasa, mtu hafi njaa kama ana akili, nami akili nilikuwa nazo. Siku ya semina yangu ya kwanza mjini Lindi, jioni wakatugawia bahasha. Nikasaini, nikafungua: nauli, posho ya kujikimu, posho ya kikao. Kwa kukaa kwenye kiti siku mbili nilipata zaidi kuliko kuchimba kisima mwezi mzima. Nikamwuliza bwana wa wafadhili, "Hii si malipo?" Akacheka. "Hapana bwana, sisi hatulipi mishahara ya viongozi. Tunagharamia shughuli."

Basi nikajifunza shughuli ni nini. Kutengeneza pampu si shughuli. Ni raba na jasho, haina orodha ya mahudhurio. Kikao ni shughuli. Na kikao, vijana, ukikijua hakiishi. Kinatanguliwa na kikao cha maandalizi, kinafuatwa na kikao cha tathmini, na tathmini lazima ipendekeze kikao kingine. Nasema bila haya kwamba katika Lindi nzima hakuna aliyenizidi. Niliweza kuchukua jambo moja, tuseme kununua kamba, nikalipitisha kwenye kamati ya fedha, kamati ya ufundi na kamati ya utendaji, wote tumekaa, wote tumekula biriani, wote tumesaini. Na kamba bado haijanunuliwa.

Sikuiba. Liandikeni hilo. Kila bahasha niliyopokea nilisaini kwa mkono huu. Na kila Ijumaa nilisema mbele ya watu, tena kwa sauti, "Mimi sichukui mshahara, mimi najitolea." Niliamini. Hapo ndipo palikuwa pabaya, kwamba niliamini.

Kuna kitongoji kinaitwa Namatepe, ndani ndani kwenye mikorosho. Pampu yao ilikuwa moja. Ikaacha kuvuta. Wakatuma ujumbe ofisini, nikajibu nimeupata. Wakatuma tena, nikajibu tumeliweka kwenye ajenda. Na ni kweli liliwekwa, lilizungumzwa vikao vitatu. Ujumbe wa tatu ulinikuta sipo. Nilikuwa Mtwara kwenye warsha, na mada ya warsha ile, Mungu ananiona, ilikuwa namna ya kuzifanya pampu za vijijini zisife.

Nilizungumza vizuri sana Mtwara. Mfukoni nilikuwa na raba ya pampu, kile kiraba cha ndani cha ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai, kinachovuta maji. Nikakiinua juu watu wote wakione. Nikasema, "Ndugu washiriki, kitu kidogo kama hiki kikichakaa, kijiji kizima kinakaa na kiu!" Wakapiga makofi. Nikakirudisha mfukoni.

Wanawake wa Namatepe walikuwa wamerudia shimo lao la zamani, la tope, la kushuka kwa ngazi ya miti. Binti mmoja anaitwa Zuhura akateleza na ndoo, akavunjika mkono wa kulia. Zuhura ni mtoto wa dada yake Bi Somoe.

Bi Somoe hakunifuata nyumbani. Aliponiona ofisini aliniuliza tu, "Mratibu, mkutano mkuu ni lini?" Nikamtajia. Akasema, "Vizuri."

Hapa lazima niwaeleze nyie mliokulia mjini jambo moja la kwetu. Watoto wakipelekwa jandoni, ada ya ngariba haipelekwi mfukoni kwa kificho. Inawekwa juu ya ungo, kuku wake, mchele wake, shuka yake, fedha yake juu kabisa, na ungo unapitishwa wazazi wote wauone. Mpaka ungo uonwe, ngariba hashiki kisu. Na ukishaonwa, akifanya kazi mbaya kila mtu ana ruhusa ya kusema, maana kila mtu aliona alichopewa. Makungwi wa kike vivyo hivyo. Bi Somoe alikuwa amepokea ada ya ungo tangu ujana wake.

Siku ya mkutano mkuu tulijaza darasa la shule ya msingi, watu mpaka madirishani. Nilivaa koti. Nikasoma taarifa yangu ya mwaka, nikamaliza kwa maneno yangu yale yale: "Na yote haya, ndugu wanachama, nimeyafanya bila kulipwa hata senti."

Makofi. Bi Somoe akanyanyuka, taratibu, akasema, "Mwenyekiti, taarifa ya mhazini." Akaingia na nyungo mbili na kikapu cha korosho. Watu wakacheka wakidhani ni zawadi yangu. Hata mimi nilitabasamu.

Akaweka nyungo mezani, moja kulia moja kushoto.

"Mwaka huu mimi sisomi," akasema. "Nyie hamnisikilizi nikisoma. Ungo huu wa kulia, kila bahasha aliyosaini Mratibu, naweka korosho moja. Ungo wa kushoto, kila pampu aliyoitengeneza, naweka korosho moja. Mratibu, nikikosea nisahihishe."

Akaanza. "Semina ya Lindi, siku ya kwanza." Korosho. "Siku ya pili." Korosho. "Maandalizi ya kikao cha kamba." Korosho. "Kikao cha kamba." Korosho. "Tathmini ya kikao cha kamba." Hapo watu walianza kucheka. "Na kamba iko wapi?" sauti ikauliza nyuma. Ukumbi ukavunjika kwa kicheko.

Hakucheka yeye. Aliendelea, kwa kichwa, bila karatasi, mwaka mzima, na sikupata mahali hata pamoja pa kumsahihisha. Kadiri ungo wa kulia ulivyojaa ndivyo kicheko kilivyopungua. Mwisho korosho zikawa zinateremka zenyewe na kuanguka sakafuni, ikasikika kila moja ikianguka.

Akahamia ungo wa kushoto. Akaweka korosho moja. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Akasimama na ya tano mkononi, akanitazama.

"Namatepe niweke?"

Nikatazama korosho zilizoanguka sakafuni.

"Naomba jibu, Mratibu. Niweke au nisiweke?"

"Usiweke," nikasema.

Akairudisha kikapuni.

Vijana, nimewahi kufukiwa na udongo kisimani mpaka kifuani, nikachimbuliwa. Afadhali ile. Nikafanya kile anachofanya mwanaume aliyeumbuka: nikapandisha hasira. Nikatoa ufunguo wa pikipiki ya chama, nikautupa juu ya ungo wa kulia, korosho zikaruka. "Basi! Mtafuteni mwingine wa kuwatumikia bure!"

Nilidhani watanibembeleza. Badala yake katibu wetu msaidizi, kijana mmoja wa viatu vya kung'aa anaitwa Shaibu, akasimama. "Mimi niko tayari kujitolea."

Bi Somoe akamgeukia. "Na wewe utajitolea vikao vingapi, baba?"

Kicheko kilichofuata kilimkalisha Shaibu chini kabla hajafikiria. Na katika kicheko kile nikaona kitu. Bi Somoe hakuwa amekuja kunifukuza. Angetaka kunifukuza angesema neno wizi, na mimi hapo ningejitetea na kushinda, maana sikuiba. Alikuwa amekuja kuwaonyesha wao, na mimi, kwamba mtu waliyemsifu kwa kutolipwa walikuwa wanamlipa, tena sana, ila kwa kazi isiyokuwa yao.

Nikasimama tena. Nikasema, "Nina maneno manne, si yangu, ya Mzee Anselimu. Nitakula nini? Nitalala wapi? Nani atavuta kamba? Na nikimaliza naondoka na nini? Nilipochaguliwa sikuwauliza, na nyie hamkuniambia. Leo nauliza. Mkinilipa kwa pampu nitatengeneza pampu. Mkiniacha bure nitarudi kwenye vikao, na mimi kwa vikao mnanijua."

Mzee mmoja wa mbele akasema, "Yaani unataka mshahara? Kwenye chama cha sadaka?"

"Nataka uwekwe kwenye ungo, mzee wangu. Kila mtu auone."

Bi Somoe akasema, "Toka nje."

"Mimi?"

"Ada ya ngariba haipangwi huku ngariba mwenyewe amekaa. Toka."

Nikatoka. Nikakaa kwenye kizingiti cha darasa la pili, na koti langu, jua la saa saba. Ndani walikuwa wanapiga kelele. Nilisikia jina langu likitamkwa kwa namna zote. Niliwaza, wakinikataa narudi kwenye sururu, na aibu hii nitaibeba mpaka Mtama. Mwanaidi alikuwa upande wa pili wa uwanja na beseni lake la vitumbua. Akaja, akanipa kitumbua kimoja. Kisha akasema, "Hiki si heshima, hiki ni unga wa mchele."

Waliniita. Bi Somoe akatangaza. Kifungu cha kujitolea kimefutwa kwa mratibu. Atalipwa kila mwezi, kwa michango ya vijiji, kiasi sawa na mwalimu mkuu wa shule ya msingi ile ile tuliyokaa, hakizidi. Kitaandikwa ubaoni ofisini. Na posho ya kikao kwa mratibu hakuna tena, awe Lindi, Mtwara au Dar es Salaam. Akialikwa na mfadhili akapewa bahasha, nauli na chakula ni vyake, iliyobaki inaingia kwenye chama.

"Mwalimu mkuu?" nikasema. "Mimi natawala vijiji, yeye anatawala watoto! Angalau bwana shamba."

"Mwalimu mkuu amesoma," Bi Somoe akasema. "Wewe umeishia la nne. Shukuru."

Watu wakacheka tena, na mara hii nikacheka nao. Nikakubali. Lakini nikaongeza neno langu moja: mratibu akimaliza mihula aondoke, hata kama ni hodari kama Hamisi. Wakapitisha.

Kesho yake asubuhi nilifika Namatepe kabla jua halijawa kali. Niliita vijana wanne tukasimamisha miguu mitatu ya miti, tukavuta mabomba moja moja, tukafika chini. Ilikuwa raba. Imelika upande mmoja kama soli ya ndala. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa ile ya Mtwara. Ndiyo hiyo hiyo niliyowainulia washiriki. Kabla ya adhuhuri maji yakatoka.

Zuhura alikuwa amesimama pembeni, mkono umefungwa kwa kanga. Akasukuma mpini kwa mkono wa kushoto, ndoo ikajaa. Kisha akaniuliza, mbele ya wenzake.

"Ikiharibika tena nikikuita utakuja?"

"Nitakuja."

"Mara ile ulisema umeupata ujumbe. Kwa nini nikuamini?"

Nilitafuta jibu zuri, mimi ninayejua kusema. Nikapata moja tu. "Kwa sababu sasa unanilipa wewe."

Akafikiri. "Basi usichelewe," akasema, akabeba ndoo.

Msidhani baada ya hapo mambo yalikuwa laini. Mama mmoja wa wafadhili alikuja kutoka Dar na gari lake, akakuta ubao ukutani, akasikitika. "Hamisi, wanaotoa fedha wanapenda kuona viongozi wanajitolea."

"Mama," nikamwambia, "wewe umekuja hapa kwa kujitolea?"

Akacheka, maana alikuwa mtu mzuri. Lakini fedha zake mwaka ule hazikuja, na mshahara wangu ulilipwa na vijiji vyenyewe, kila kaya ikatoa korosho kidogo wakati wa msimu. Miezi mingine ulichelewa, nikala vitumbua vya Mwanaidi kama zamani. Wajumbe wawili wa kamati waliacha kuja vikaoni walipoona bahasha zimekwisha. Tulipobaki wachache tulimaliza ajenda kabla chai haijapoa. Na kamba ilinunuliwa, kwa kikao kimoja, tena cha kusimama.

Mwaka wa pili Bi Somoe alileta nyungo zake tena. Kulia aliweka korosho kumi na mbili, moja kwa kila mshahara. Kushoto alimimina mpaka akaomba kikapu kingine. Nilisimama pale nimevimba kama andazi. Mama wa Dar alikuwepo siku hiyo, alialikwa kwa makusudi, na mwaka uliofuata wafadhili wake walikubali kuchangia mshahara, si wa "kiongozi", wameandika "fundi mkuu wa matengenezo". Sikubishana na jina.

Kwa hiyo mkiniuliza kama kiongozi wa asasi alipwe, jibu langu mmeshalisikia. Niulizeni alipweje. Asijipangie mwenyewe, atoke nje kama nilivyotoka. Muangalie mtu mnayemfahamu hapo hapo kijijini anayefanya kazi ya uzito ule, mwalimu, mganga wa zahanati, mumlipe kama yeye, msimlinganishe na mtu wa Dar. Msimpe fungu la kila fedha anayoileta, atawaletea fedha za mambo msiyoyahitaji, mimi ningewaletea semina mia. Wajumbe wa kamati wapeni nauli na sahani ya wali, wasidai zaidi, maana wao ndio wanaomsimamia na anayesimamia hapaswi kuwa na njaa ile ile. Na kiasi kiandikwe mahali watu wanapopita. Mkiona aibu kukiandika, basi kimezidi. Akiona aibu yeye, muulizeni kwa nini.

Kuna mmoja wenu, simtaji, ameniambia kwamba asasi yake "haina mishahara kabisa, sisi ni moyo tu". Nimemtazama viatu. Nikamwambia aniletee ungo.

Nilipofika mwisho wa mihula yangu nilikabidhi kwa binti msomi wa chuo, mwenye digrii, mshahara wake ni mkubwa kuliko wangu na umeandikwa ubaoni vile vile. Siku ya kwanza aliniomba tuufute, anaona haya wageni wakiusoma. Nikampeleka kwa Bi Somoe, ambaye sasa macho hayaoni vizuri lakini kichwa ni kile kile. Sijui waliongea nini. Ubao haukufutwa.

Juzi simu yangu ililia. Zuhura, mwenyekiti wa kamati ya maji ya Namatepe, mkono ulipona ingawa umepinda kidogo. "Fundi, pampu inakohoa."

"Mpigie mratibu, mwanangu. Yeye ndiye unayemlipa sasa."

"Yuko Mtwara, anarudi kesho asubuhi. Nilidhani wewe upo."

Nikainuka. Zana zangu bado ziko nyuma ya mlango, nazipaka mafuta kila wiki. "Nipo! Nakuja sasa hivi. Tena sitaki kitu, nakuja kwa kujitolea."

"Basi usije, baba," akasema. "Tutamngoja wa kesho."